Nimeitajia benki bei ya chini, na sioni aibu

Nilipowaambia watu kwamba nataka kununua nyumba ambayo benki imeichukua kwa mtu aliyeshindwa kulipa mkopo, na nimetoa ofa iliyo karibu robo chini ya bei iliyotangazwa, nilipata majibu ya aina mbili tu. Wengine walicheka wakasema utafukuzwa na dalali. Wengine wakasema we mjinga, ungeshuka mpaka nusu, benki inafanyia nini nyumba, wao wanataka hela yao basi. Hawa wa pili ndio wengi na ndio walionifanya niandike, maana naona hawajui anayeuza hapo ni nani.

Tuanze na kuitambua nyumba ya aina hiyo, kwa sababu hakuna anayeweka bango kubwa la "tumemnyang'anya mtu nyumba hii". Mimi ilikuwa kwenye njia ninayopita kila mara na dalili zikawa zinajipanga zenyewe, barua zimejaa mlangoni, nyasi zimefika usawa wa dirisha, halafu kitasa kipya kinang'aa kwenye mlango uliochoka. Hiyo ya kitasa ndiyo ninayoiamini kuliko zote, yaani nani anabadilisha kitasa kwenye nyumba ambayo hata nyasi hafyeki? Baadaye nikaona karatasi imebandikwa kwa ndani ya kioo inasema mali iko chini ya uangalizi, na namba ya simu. Ila nyumba tupu si lazima iwe ya benki jamani, inaweza ikawa ya urithi ndugu bado wanavutana, au mwenyewe kasafiri tu na atarudi akukute unachungulia dirishani kwake.

Kinachokupa uhakika zaidi ni tangazo lenyewe. Picha za vyumba vitupu bila hata pazia, maneno "inauzwa kama ilivyo", na muuzaji asiyejua chochote. Ukiuliza paa lilianza kuvuja lini unajibiwa muuzaji hajawahi kuishi humo, na ni kweli, benki haijawahi kulala humo. Halafu unaenda masjala ya ardhi, unalipia upekuzi wa hati, unaona jina la nani limeandikwa, kuna rehani moja au zimepandana, na kama kuna zuio la mahakama. Usiruke hapo hata kama una haraka, mwenye nyumba akiwa ameshafungua kesi unaweza kulipa dipoziti ukabaki unahudhuria mahakamani badala ya kupaka rangi.

Ndani hali ilikuwa hivi: makabati ya jikoni hayapo, sinki limeng'olewa, taa zimeondoka na waya zake. Sihukumu mtu, anayetolewa kwenye nyumba yake anachukua anachoweza kubeba. Shida kubwa ni kile usichokiona, maji na umeme vilikuwa vimekatwa kwa hiyo hakuna bomba unaloweza kujaribu wala swichi, unanunua ukiwa hujui kama mabomba ndani ya ukuta ni mazima, na ukishasaini hakuna wa kumlalamikia kwa sababu "kama ilivyo" maana yake ndio hiyo. Nilienda na fundi nikamwomba aniandikie kila kitu na bei yake, paa, mabomba, nyaya, jiko, na juu yake aongeze kiasi cha yale tutakayoyakuta tukishabomoa. Karatasi ile ya fundi imenisaidia kuliko maneno yangu yote.

Kwa sababu anayeuza ni ofisa wa benki mwenye faili, sio mtu mwenye hasira wala njaa. Hana picha za watoto wake kwenye hizo kuta, kwa hiyo hatachukia bei yako, lakini pia hatakuonea huruma. Kinachomsukuma auze ni gharama, nyumba ikikaa tupu kuna bima, kuna ulinzi, kuna kodi za jengo, na deni bado linazaa riba huku nyumba yenyewe inazidi kuoza. Kinachomzuia asiitupe ni sheria. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 na ile ya Kenya ya 2012 zote zinamtaka mkopeshaji atafute bei nzuri inayoweza kupatikana, na ikiuzwa 25% au zaidi chini ya bei ya soko inachukuliwa kwamba amevunja wajibu wake mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Uingereza kuna kesi maarufu ya 1971, Cuckmere Brick, mkopeshaji aliuza kiwanja bila kutangaza kwamba kina kibali cha kujenga fleti, mahakama ikasema ana wajibu wa kuwa makini apate thamani halisi ya soko. Sasa wewe unakuja na nusu bei mkavu, bila maelezo, unadhani ofisa ataweka nini kwenye faili lake siku mwenye nyumba wa zamani akimshtaki?

Hapo ndipo watu wa nusu bei wanapokosea, na watu wa "utafukuzwa" pia. Sheria inazungumzia bei ya soko ya mali kama hiyo, yenye hali kama hiyo, haizungumzii bei iliyoandikwa kwenye tangazo. Bei ya tangazo mara nyingi inafuata uthamini uliofanywa zamani kidogo, pengine kabla sinki halijang'olewa. Kwa hiyo kazi yako ni kumpa ofisa sababu ya kusema ndio: nyumba jirani zilizouzwa karibuni na bei zake, makadirio ya fundi, picha za ukuta uliolowa, barua ya benki yako inayoonyesha hela ipo. Nikachukua bei ya nyumba za mtaa ule ambazo hazijaharibika, nikatoa matengenezo, nikatoa kiasi kidogo cha usumbufu na hatari ya yale mabomba nisiyoyajua, namba iliyobaki ndiyo niliyoitaja. Sikuipunguza zaidi ili nionekane mjanja.

Hela nayo iangalie mapema, nyumba isiyo na jiko wala choo kinachofanya kazi wakopeshaji wengi hawaikubali kama dhamana, ndio maana wanunuzi wa kawaida wanakimbia na mwenye pesa taslimu anasikilizwa. Kwenye mnada ndio balaa zaidi, nyundo ikigonga unalipa dipoziti palepale, kuna sehemu 10% kuna sehemu 25%, ukishindwa kumalizia salio kwa muda waliokupa imeliwa. Mimi napenda nyumba ambayo imeshapita mnadani ikakosa mtu wa kufikia kile kiwango ambacho benki haishuki chini yake. Hapo soko lenyewe limeshasema bei ni kubwa, na ofa yako ya chini haionekani tena kama matusi.

Jambo moja linanikera kwenye mazungumzo haya. Watu wanaongea kama vile punguzo linatoka mfukoni kwa benki. Mara nyingi linatoka kwa yule aliyetolewa, bei ikizidi deni ziada ni yake, na ikipungua sehemu nyingi anabaki anadaiwa kilichobaki huku nyumba hana. Kwa hiyo sitaki kununua kwa bei ya kumzika mtu, nataka kununua kwa bei ambayo mtu yeyote mwenye karatasi zangu angefika hapohapo. Kama hilo linanifanya mfanyabiashara mbaya, haya.

Jibu la kwanza la benki lilikuwa hapana, la mstari mmoja, bila namba. Sikupandisha. Niliwaandikia nikawauliza waniambie ni gharama gani kwenye orodha ya fundi hawaikubali, kimya kirefu, halafu wakarudi na namba yao iko katikati ya yangu na ya tangazo. Sasa hapo ndio mazungumzo, nikasogea kidogo kwa masharti kwamba kodi za jengo zinazodaiwa walipe wao na wanipe kwa maandishi kwamba nyumba inakabidhiwa ikiwa tupu, hakuna mpangaji atakayetokea na mkataba wake wa zamani. Masharti kama hayo yanaweza kuwa na thamani kuliko asilimia mbili tatu za bei, na kwa ofisa ni rahisi kuyapitisha kuliko kushusha namba kwenye faili.

Faili liko kwa kamati yao. Dalali kaniambia kuna mtu mwingine kaomba ufunguo akaangalie, na inawezekana ni kweli au inawezekana ni maneno ya dalali, mwisho wa siku ni kazi yake. Hata wakinikubalia mimi, mpaka tusaini mkataba benki bado ina haki ya kusikiliza anayezidisha. Kikomo changu nimeshakiandika chini ya orodha ya fundi, huyo mwingine akikipita nyumba achukue na mabomba yake.