Kifuniko cha maji ya moto

Jumamosi nilifanya jaribio mezani kwa sababu nimechoka kueleza kwa mikono. Kila nikisema bahari ikipata joto vijimea vyake hukosa chakula, watu hunitazama kana kwamba nimesema mvua inakausha nguo. Joto si ndilo linalootesha? Basi nikachukua bilauri kubwa, nikaijaza nusu maji ya jokofu niliyotia rangi ya buluu, kisha nikamimina juu yake maji ya moto yenye rangi nyekundu.

Mara ya kwanza nilimimina kwa pupa. Yote yakageuka zambarau, na mengine yakaishia kwenye daftari langu. Mara ya pili niliyapitisha kwenye mgongo wa kijiko, polepole, kama mtu anayemwosha mtoto mchanga kichwa. Nyekundu ikatanda juu, buluu ikatulia chini, katikati pakawa na mpaka mwembamba. Niliitikisa bilauri kidogo. Mpaka uliyumba, haukuvunjika.

Sasa turudi baharini. Fitoplanktoni ni vijimea vya seli moja moja vinavyoelea sehemu ya juu ya maji, kwa kuwa huko ndiko mwanga wa jua unakofika. Mbolea yao, yaani nitrati na fosfati, kwa sehemu kubwa iko chini gizani, maana vinavyokufa huzama na kuozea huko. Jua juu, chakula chini. Kinachopandisha mbolea ni upepo, mikondo na baridi ya msimu. Upepo ndio ile pupa yangu ya kwanza, iliyochanganya kila kitu. Lakini bahari imemeza zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalotokana na gesi tulizorundika angani, na joto hilo huanzia juu. Maji ya moto ni mepesi, hukaa kama kifuniko. Kadiri tofauti ya joto kati ya juu na chini inavyokua, upepo uleule wa zamani hautoshi kukoroga.

Hapa lazima niseme neno kuhusu oksijeni, maana ndiyo inayotisha watu. Ni kweli kwamba karibu nusu ya usanisinuru wote duniani, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua na kutoa oksijeni, hufanyika baharini. Lakini oksijeni inayotengenezwa huko, karibu yote hutumika hukohuko na viumbe wanaokula na kuozesha. Ile tunayovuta ni akiba iliyojilimbikiza kwa mamilioni ya miaka. Hatutakosa pumzi wiki ijayo, na anayewaambia hivyo anawapa hofu isiyo mahali pake. Cha kuhofia ni sahani.

Niliwahi kuchungulia kwenye hadubini tone la maji yaliyokusanywa kwa wavu wa planktoni. Diatomu, aina mojawapo ya fitoplanktoni, zilikuwa kama vibweta vya kioo: nyingine za mviringo zenye vitundu vilivyopangwa kwa mistari, nyingine zimeshikana mnyororo. Gamba lao kweli ni la silika, kitu kilekile kinachotengenezewa kioo. Hizi ni kubwa kwa kipimo cha vijimea, na zina njaa. Kifuniko kikikaza, zenyewe ndizo hutangulia kupungua. Wanaobaki ni wadogo kama Prochlorococcus, bakteria wanaoishi kwa mwanga kama mimea, waliogunduliwa miaka ya 1980, ambao huhitaji kujipanga karibu elfu moja na mia sita ili kufikisha milimita moja. Mwili mdogo hufyonza vizuri hata mahali penye mbolea haba.

Kwa hiyo bahari inaweza isionekane tupu, na bado samaki wakapungua. Piga hesabu. Kwa kukadiria tu, kila hatua ya kuliwa hupitisha sehemu moja ya kumi. Diatomu kilo 1,000 huliwa na kopepodi, vijidudu vya majini jamaa wa kamba, wakawa kilo 100. Samaki mdogo akila hao, zinabaki 10. Kijimea kikiwa kidogo mno kopepodi hakikamati, kwa hiyo anaingia dalali katikati, kiumbe wa seli moja anayekula wadogo kisha naye aliwe. Samaki sasa ni kilo 1. Dalali kachukua tisa.

Mwaka 2023 watafiti waliopitia picha za setilaiti za miaka 20 walisema rangi ya bahari imebadilika katika asilimia 56 ya eneo lake, hasa kwenye tropiki, ambako maji yanaelekea kuwa ya kijani zaidi. Rangi pekee haisemi nani kaongezeka na nani kaondoka. (Napenda kwamba neno letu lenyewe, kijani, limebeba jani dogo ndani yake.)

Wala si kote mambo yanapungua. Kwenye Aktiki, barafu ikitoweka mwanga unaingia, na vijimea vimeongezeka tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Moshi wa mioto ya Australia ya 2019 na 2020 ulipeleka chuma, ambacho nacho ni mbolea kwa vijimea, kwenye Bahari ya Kusini inayoizunguka Antaktika, na eneo kubwa likachanua vijimea. Anayetaka jibu la sentensi moja atahangaika.

Usiku ule niliandaa bilauri mbili. Moja niliiacha wazi mezani. Juu ya ya pili niliinamisha taa ya kusomea, ile yenye balbu ya zamani inayochoma vidole. Asubuhi, ile ya kwanza ilikuwa zambarau tupu. Maji ya juu yalipoa, yakawa mazito, yakazama. Ndivyo majira ya baridi yanavyoikoroga bahari ya mbali na ikweta, na jua la majira ya kuchipua likirudi hukuta mbolea imeshapanda. Ya pili, chini ya taa, mpaka ulikuwa umefifia, lakini bado niliweza kuuonyesha kwa kidole.