Pima uchachu wa udongo kabla ya kuongeza mbolea

Mkulima wa mahindi anapoona miche imedumaa na majani yamegeuka rangi ya zambarau, kwa kawaida hukimbilia kuongeza DAP, mbolea ya kupandia yenye virutubisho vya fosforasi na nitrojeni, kwa kuwa zambarau ni dalili ya upungufu wa fosforasi. Mimi humwomba ang'oe mche mmoja kwanza. Mizizi ikiwa mifupi, minene na isiyo na vijizizi vyembamba, huenda fosforasi imo shambani lakini mmea hauwezi kuifikia kutokana na uchachu.

Uchachu hupimwa kwa pH: kadiri namba inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi. pH ya udongo inaposhuka chini ya 5.5, alumini huanza kuyeyuka na kudumaza ncha za mizizi, huku ikishirikiana na madini ya chuma kuikamata fosforasi, ile ya mbolea uliyonunua kwa bei ghali ikiwemo. Tofauti ya namba moja si ndogo: udongo wa pH 5 una uchachu mara 10 ya ule wa pH 6. Hali hii imeenea katika maeneo yenye mvua nyingi, magharibi mwa Kenya na Nyanda za Juu Kusini za Tanzania, na inanisikitisha kwamba DAP na urea huizidisha msimu baada ya msimu, kwa sababu bakteria wa udongo wanapoigeuza amonia ya mbolea hizo kuwa nitreti, aina nyingine ya nitrojeni, huacha tindikali.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, ambayo hufanya kazi polepole. Ni vyema imwagwe miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda na kuchanganywa na udongo. Isiwekwe pamoja na urea au DAP, maana nitrojeni itapotea hewani. Chai, inayopenda uchachu, haihitaji tiba hii.

Kuhusu kipimo cha mbolea, kizibo kimoja cha soda cha DAP kwa kila shimo kinatosha, tena kifukiwe kwa udongo kabla ya kuweka mbegu, kwani chumvi ya mbolea huinyima mbegu maji na kuiunguza.

Kiasi cha chokaa kitokane na majibu ya maabara. Chukua udongo sehemu mbalimbali za shamba, kina cha sentimita 20, uuchanganye katika ndoo safi ya plastiki, na uepuke mahali palipowahi kurundikwa samadi au kuchomwa takataka, kwa sababu majivu hupandisha pH na kukupa majibu yasiyo ya shamba lako.