Mvaa lipiko hana jina, bango linataka jina

Bango la shoo ya msimu wa korosho hapa Mtwara lina mpangilio wake. Jina la msanii wa Dar linakula nusu ya karatasi, halafu chini kabisa, kwa herufi za kutafutia miwani, "pamoja na kikundi cha ngoma za asili". Kikundi gani, kimetoka wapi, nani anapiga, nani anacheza, hakuna. Wengi huona ni dharau, na mara nyingi ni dharau kweli. Ila kwa ngoma za Wamakonde ipo sababu nyingine iliyotangulia mabango yote: anayevaa lipiko, kwa kanuni ya ngoma yenyewe, hatakiwi kujulikana.

Lipiko (wingi wake mapiko) ni kinyago cha kuvaa kichwani, na ngoma yake imeshika zaidi ng'ambo ya mto Ruvuma, jimboni Cabo Delgado, na kwa Wamakonde waliovuka kutoka Msumbiji wakaja kuishi huku. Upande wetu wa uwanda wa Makonde kuna midimu, ambayo vinyago vyake vingi ni vya kufunika uso, na wengine huicheza juu ya mironjo, zile fito ndefu za kutembelea. Zote mbili zimefungamana na jando na unyago. Wali, yaani wanaopitishwa humo, wakitoka, kinyago hutokea. Mwili mzima hufunikwa nguo, na zamani wanawake na wasiopita jandoni waliambiwa hicho ni kiumbe kilichotoka kwa wafu. Siku hizi kila mtu anajua ndani yumo mtu, tena pengine jirani yake, lakini adabu ya kutomtaja bado ipo. Akicheza vizuri kinasifiwa kinyago.

Sindimba, ngoma nyingine ya Wamakonde, ya kiuno, haifuniki uso, na bado wachezaji wake walipotea majina kwa njia nyingine. Serikali ilipounda wizara ya utamaduni mwaka 1962 na baadaye kikundi cha ngoma cha taifa, sindimba ilichukuliwa ikawa moja ya ngoma zake kubwa. Ilipopanda jukwaani ilibadilika: duara likawa mstari unaowatazama watazamaji, na ngoma ya usiku kucha ikakatwa ikawa ya dakika chache. Kiuno kikaleta zogo, kwamba ni aibu au ni utamaduni. Kikundi kilipovunjwa, kazi ya kufundisha ikaangukia Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilichoanza 1981, ambacho leo ni TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo. Matokeo yake mtoto wa Mwanza anaijua sindimba, ila hakuna anayeweza kukutajia mpigaji mmoja wa Newala wa miaka ile. Ngoma ilipata jina, wenye ngoma wakabaki "kikundi".

Sasa weka hiyo pembeni ya wasanii wa kusini waliojulikana kitaifa. Said Ngamba, mzaliwa wa Kilwa aliyefariki 2014, nchi nzima ilimjua kama mchekeshaji Mzee Small. Jina la jukwaani lilikuwa ndiyo mtaji wenyewe. Rajab Abdul Kahali, mzaliwa wa Chitoholi hapa Mtwara, alitoka kama mwanamuziki Harmonize chini ya WCB, lebo ya Diamond Platnumz, mwaka 2015, na alipoondoka 2019 akasimamisha lebo yake akaipa jina la Konde. Yaani kabila lenyewe, ambalo wapiga ngoma wanalibeba bila kulipwa, yeye amelifanya chapa. Simlaumu hata kidogo. Ameelewa kwamba fedha ya burudani inafuata kitu kinachoweza kuandikwa kwenye bango na kwenye mkataba.

Kwa hiyo kikundi cha ngoma kinachotaka kuishi kwa kazi hii kina mambo mawili ya kufanya. Kwanza kila jukumu lionekane kwamba ni ufundi. Pili jina litafutwe pasipokuwa usoni mwa mvaa lipiko.

Nianze na ngoma, maana hapo ndipo mwandaaji wa shoo anapodhani hakuna kazi. Seti ya kawaida ina ngoma ndogo zenye mguu mrefu uliochongoka, ambazo wengi huziita vinganga, ngoma za kati, na kubwa ya besi. Majina hubadilika kijiji hadi kijiji, usibishane na mzee wa mtu. Kinganga hupigwa kwa vijiti vyembamba, mapigo ya haraka yasiyobadilika, na wengine wote huegemea hapo. Mguu wake unachomekwa ardhini. Jukwaa la mbao au la saruji halina pa kuchomeka, na hapa ndipo shoo nyingi za mjini huharibika dakika ya kwanza: ngoma inayumba, mpigaji anaibana kwa magoti, mkono wake unakufa. Dawa ni tairi bovu la gari dogo lililojazwa mchanga uliolowanishwa na kushindiliwa. Moja kwa kila kinganga, liandikwe kwenye orodha ya vifaa ambavyo mwandaaji anapaswa kuvitayarisha.

Ngozi ni habari ndefu zaidi. Zamani ngoma ndogo ziliwambwa ngozi ya kenge au ya paa, nyembamba na yenye sauti kali. Leo kukutwa na ngozi ya mnyamapori bila kibali ni kesi ya nyara za serikali chini ya sheria ya wanyamapori ya 2009, na gari la kikundi linalosimamishwa kwenye vizuizi vitatu si mahali pa kujaribu bahati. Tumia mbuzi. Chagua mbuzi jike mdogo kwa ngoma ndogo, beberu kwa besi. Loweka ngozi usiku mmoja, iwambe ikiwa mbichi, pigilia vigingi kwa kuruka upande: kimoja hapa, cha pili mkabala wake, usizunguke kwa mfuatano kwa sababu mvuto utaegemea upande mmoja na sauti itakuwa na mkwaruzo. Kausha kivulini siku mbili au tatu. Jua la saa saba hukausha uso haraka kuliko kingo. Ngozi huvuta ghafla na kung'oa vigingi, au hupasuka pale pale kwenye tundu.

Siku ya shoo ngozi inakanzwa kwa moto wa majani makavu au makuti, uso wa ngoma ukielekea moto, umbali wa kama mkono mmoja, huku inazungushwa. Anayekanza asikilize kwa kidole, asikisie kwa macho. Ngozi ikianza kunuka nywele zilizoungua umeshachelewa. Itapasuka kabla ya wimbo wa tatu. Mtwara mjini na Lindi, karibu na bahari, unyevu unarudisha sauti chini kila baada ya dakika 20 au 30. Newala shida ni umande wa usiku. Ukumbini ambako moto hauruhusiwi, wekeni jiko la mkaa nje na mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Huyu mtu lazima awe kwenye orodha ya malipo. Vikundi vingi humwita "kijana wa kusaidia", halafu siku asipokuja wote wanapiga maboksi.

Kipaza sauti kisitazame katikati ya ngozi. Kwa besi kiweke nusu ya njia kuelekea ukingo, sentimita 10 hadi 15 juu, na kwa vinganga vyote kimoja kinatosha. Fundi mitambo aliyezoea bongo fleva atataka kupandisha besi. Mwambie ashushe, kwa sababu besi ikizidi wachezaji hawasikii kinganga na miguu inapotea. Filimbi ya kiongozi wa ngoma haihitaji kipaza sauti kabisa.

Kinyago nacho kina masharti yake. Vile vya mpingo vinavyouzwa madukani ni vya ukutani. Mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini, hakuna shingo itakayoucheza. Cha kuvaa huchongwa kwa mti laini na mwepesi, aghalabu wa jamii ya msufi. Nywele juu yake mara nyingi ni nywele za binadamu zilizobandikwa kwa nta ya nyuki, na chale za usoni pia zinaweza kuwa za nta. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, lakini hulainika mapema sana kabla ya hapo. Ukiacha kinyago mbele ya kioo cha gari kutoka Masasi hadi Mtwara mchana, utashuka nacho kikiwa na kipara. Kifungwe kwa kanga, kiwekwe ndani ya ndoo kubwa yenye mfuniko, chini ya kiti. Nyumbani kikae pakavu penye hewa na kikaguliwe unga wa bungua, mdudu anayetoboa mti. Mti laini unaliwa upesi.

Anayevaa lipiko la kichwa kizima huonea mdomoni mwa kinyago. Maana yake haoni miguu yake wala ukingo wa jukwaa. Wanahitajika watu wawili wa kumwongoza, mmoja mbele na mmoja wa kuzuia watoto na wenye simu. Joto la ndani ni kali: mzunguko mmoja usizidi dakika 10 hadi 15, kisha atoke hadi kwenye chumba kilichofungwa ambapo atavua bila kuonwa, anywe maji. Chumba hicho ni sharti la kazi, na waandaaji hukisahau kila mara. Kikundi kikikubali avulie nyuma ya spika, picha itapigwa, na mzee wa jando atakayeiona kwenye simu ya mjukuu wake ana haki ya kukasirika. Kabla ya kutoa kinyago nje ya msimu wa jando ongeeni na wakulungwa, wazee wa mila, wa pale kilikotoka. Vipo vya kuchezwa popote, na vipo ambavyo havitoki. Anayekwambia vyote ni sawa hajauliza.

Sasa jina. Mvaa lipiko akibaki bila jina, kinyago kinaweza kupewa. Mapiko tangu zamani yana wahusika: mzee, bibi, askari, Mzungu, mnyama. Mhusika huyo ndiye aandikwe kwenye bango, na awe yule yule kila shoo, na nguo zile zile, hadi watu wamuulizie. Mpigaji mkuu na mwanzishaji wa nyimbo hawana mwiko wa jina. Waandikwe kwa majina yao kamili. Kikundi chenyewe kiwe na jina moja lisilobadilika. Linalobadilika kila anapokuja mfadhili halijengi chochote.

Karatasi huanzia kwa afisa utamaduni wa halmashauri. Andaeni katiba fupi, orodha ya wanachama na muhtasari wa kikao cha kuanzisha, ndipo mwende BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kusajili. COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ni kwa ajili ya kazi zenu: nyimbo mlizotunga, rekodi mlizofanya. Hapa watu hujichanganya. Sindimba kama sindimba haiwezi kusajiliwa na kikundi kimoja. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inazitambua sanaa za jadi kama urithi wa jamii, na anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anapaswa kupitia BASATA. Lakini namna mlivyoipiga siku ile, sauti zenu na miili yenu, hicho ni chenu kama watendaji.

Malipo ni bora yagawiwe kwa mafungu, na hesabu ifanyike hadharani kabla ya kupanda gari. Tuseme shoo ni 600,000 kwa watu 13. Toa gari 155,000, chakula 65,000, na asilimia 10 ya mfuko wa vifaa, 60,000. Zinabaki 320,000. Mpigaji mkuu, mvaa kinyago na mwanzishaji wa nyimbo wapate mafungu mawili kila mmoja, wengine kumi fungu moja moja, jumla 16. Fungu ni 20,000. Kidogo? Kidogo. Ndiyo maana Juni hadi Septemba, wakati wa jando, na Oktoba hadi Januari fedha za korosho zinapoingia, ndiyo miezi ya kusema bei kwa sauti, na Machi ni mwezi wa kuwamba ngozi. Malipo ya awali yawe nusu, na yapokelewe kabla kinyago hakijatoka ndani. Kwa tamasha kama MaKuYa, la Wamakonde, Wamakua na Wayao, ulizeni mapema nani anabeba usafiri.

Mwisho ni kamera. Mwandaaji akisema "tutarekodi kidogo tu", mwombeni aandike mistari minne: atarekodi dakika ngapi, itatumika wapi, kwa muda gani, na jina la kikundi litaandikwaje kwenye video. Sauti ya kinganga ikichukuliwa na prodyuza ikawekwa kwenye biti bila karatasi hiyo, kuidai baadaye ni kazi kubwa, kwa sababu itabidi mthibitishe kwamba ni mkono wa mpigaji wenu na si wa kikundi kingine cha Tandahimba. Ombeni nakala ya faili lote siku hiyo hiyo, kwenye flashi yenu wenyewe, na irekodini sauti ya kiongozi akitaja mwanzoni tarehe, mahali na jina la kila mpigaji. Mvaa kinyago atajwe kwa jina la kinyago.