Kwaresima Yangu ya Kwanza Nyumbani

Tangu nirudi Kakamega, hakuna anayeniuliza nilikuwa naishi vipi huko Qatar. Wanauliza, "Unarudi lini?" Nikijibu kwamba sirudi, kandarasi imeisha na sikuomba nyingine, mashemeji wanatazamana, kisha mmoja anahitimisha: basi, mwachie Mungu.

Kauli hiyo niliichoka nikiwa Doha. Nilikuwa mlinzi wa lango, na kila Mkenya aliyecheleweshewa mshahara aliambiwa amwachie Mungu, mara nyingi na mwenzake ambaye hakutaka kuombwa mkopo. Kanisani tulikwenda Ijumaa, kwa sababu huko Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko na Misa ya Jumapili husomwa siku hiyo. Kanisa la Bikira Maria wa Rozari lilifunguliwa mwaka 2008, na nje halina msalaba wala kengele. Ndani husongamana Wafilipino, Wahindi na sisi. Ukitoka Misa ya Jumapili siku ya Ijumaa, huku nyumbani wenzako wako kwenye Njia ya Msalaba, unajihisi uko nje ya kalenda ya watu wako.

Kwa hiyo mwaka huu, Jumatano ya Majivu tarehe 18 Februari, nilifurahi tu kupanga foleni na watu ninaowajua. Majivu yale hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, yaani matawi ambayo wao waliyapunga mimi nikiwa bado langoni.

Ila kilichonigusa zaidi kilitokea kwenye jumuiya, kikundi chetu cha Wakatoliki majirani tunaosali nyumba kwa nyumba. Ilikuwa zamu ya Mama kutupokea. Viti tuliazima kwa jirani, chai ya maziwa ikachemshwa bila mandazi. Kwaresima, alisema Mama, ingawa mimi nashuku ni bei ya unga. Katekista akasoma Mathayo 4: Shetani anampandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumwambia ajitupe chini, na hoja yake anaitoa katika Zaburi ya 91. Hiyo ndiyo zaburi niliyosomewa usiku wa kuondoka, mikono ya shangazi zangu ikiwa kichwani mwangu.

Mzee mmoja, mwalimu mstaafu, akatuambia tufungue zaburi yenyewe tulinganishe. Imeandikwa kwamba malaika wataagizwa "wakulinde katika njia zako zote". Katika Mathayo, Shetani anaishia kwenye malaika kuagizwa, kisha anaruka hadi kwenye kubebwa mikononi. Habari ya njia haitaji. "Kujirusha kutoka juu ya hekalu si njia ya mtu," mzee akasema. "Ngazi ipo. Shuka." Na Yesu alijibu hivyo hivyo kwa ufupi: usimjaribu Bwana Mungu wako.

Hapo ndipo nilipopata jina la kile kilichokuwa kikinikera. Mungu si Athumani, sikatai, na ulinzi wake nimeuona kwa macho yangu. Lakini mtu akikaa kitako akasubiri muujiza, huyo anamjaribu Mungu, na kumuita mwenye imani ni kumpamba bure.

Mwenye imani ni Mama. Amepanda mahindi mavumbini, kabla ya tone la kwanza la mvua ya Machi. Shamba lililimwa mapema, samadi ikamwagwa, kamba ikafungwa mafundo ili mistari iachane sentimita 75. Mbegu ni ya dukani, si punje za ghalani. Mvua ikija kwa wakati, mahindi yake yatatangulia ya jirani. Mvua ikidanganya, ikanyesha siku mbili ikakatika, mbegu itachipua ife, na hela imekwenda. Anajua yote hayo. Kila jioni anasali rozari, na juu ya kabati ameficha pakiti ndogo ya mbegu ya kujazia mapengo. Nilimuuliza kama pakiti hiyo si dalili ya shaka. "Mwanangu," akasema, "kwani Mungu amekataza pakiti?"

Jumapili ya pili ya Kwaresima tulisomewa Abramu akiambiwa atoke katika nchi yake. Alikuwa na miaka 75, na sikusikia popote mashemeji wakimuuliza anarudi lini. Mimi nimeelekezwa upande wa pili, na sioni mbali kuliko alivyoona yeye. Nimekodi kibanda Lubao cha kuuza chakula cha kuku. Nimelipa kodi ya mwanzo, na karo ya mdogo wangu nimeiweka kando isiguswe. Wateja bado ni wachache.

Lingine, jumuiya imenipa kazi ya kukusanya bahasha za Kampeni ya Kwaresima, mchango wa kanisa wa kipindi hiki. Sababu waliyoitoa ni kwamba mtu aliyetoka Ghuba hawezi kuiba, ana zake. Hakuna aliyeuliza zimebaki ngapi. Bahasha zirudi kabla ya Jumapili ya Matawi, tarehe 29 Machi. Mnaosoma hapa mkiwa Nairobi, M-Pesa tunapokea.