Mkaa Gumbani

Jioni moja ya Januari, kaskazi ikivuma, ami yangu, fundi mwashi, alikuja na timazi na utepe wake wa kupimia kwenye uwanja wetu wa saruji wa mpira wa kikapu hapa Malindi. Siku iliyotangulia nilikosa mitupo huru miwili, ile ya kutupa bila kuzuiwa, yote ikagonga ringi upande wa kulia, tukafungwa kwa pointi moja.

"Ni upepo, Ami."

Hakunijibu. Aliteremsha timazi kutoka kwenye uso wa ubao, akapima mita 4.60, umbali wa mstari wa mitupo huru. Mstari wetu ulikuwa umepimwa kutoka nguzoni, kosa la viwanja vingi vya mtaani. Ubao hutokeza mbele ya nguzo, kwa hiyo tulikuwa tukitupia karibu mno. Akachora mpya kwa kipande cha mkaa.

"Hebu tupa."

Mguu wa kulia mbele kidogo, magoti yakunjwe. Mpira ukifika mfupi, tazama magoti kabla ya mikono, maana nguvu hutoka chini. Mpira ukae juu ya vidole, kiganja kisiuguse; kati yake na kiganja mwanga upite. Kiwiko kiwe chini ya mpira. Kikitoka nje, mpira huenda upande. Mwishoni kifundo cha mkono kianguke mbele, mpira uende ukijizungusha kinyumenyume. Na utupwe juu: ringi ina upana wa sentimita 45, mpira karibu 24, lakini mpira unaokuja umelala huliona tundu jembamba. Refa hutoa sekunde 5, zinatosha kudundisha mara tatu na kuvuta pumzi, mradi iwe vivyo hivyo kila mara.

Nikatupa. Kulia tena.

"Mpira wa upepo hutoka mkononi umenyooka, kisha hupinda," alisema. "Huu wako umetoka umepinda."

Akanipaka ule mkaa kwenye gumba la kushoto, mkono ambao kazi yake ni kuegemeza tu. Nikatupa, akaufuata mpira, akanionyesha: ubavuni palikuwa na mchirizi mweusi, mrefu kama kijiti cha kiberiti.

"Gumba lasukuma, mwanangu."

Akaufuta kwa kikoi chake, nikatupa tena, akafuta tena. Jua likazama. Mtupo wa mwisho kabla ya adhana uligonga ringi mbele ukatoka. Ami hata hakutazama ringi. Aliuokota mpira, akaugeuza polepole karibu na macho, akitafuta mkaa.