NDVI husamehe kuzidisha, haisamehi kujumlisha

Wengi hukokotoa NDVI, kipimo cha uoto kinachopatikana kwenye picha za setilaiti, kwa namba za bendi (safu za picha, kila moja ya aina yake ya mwanga) jinsi zilivyo ndani ya faili. Wakiulizwa kwa nini hawakuzigeuza kwanza kuwa uakisi halisi wa uso wa ardhi, yaani sehemu ya mwanga ambayo ardhi huirudisha, hujibu kwamba NDVI ni uwiano, kwa hiyo kizidisho kitajifuta chenyewe. Jibu hilo ni sahihi nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoharibu ramani.

Fomula ni (infraredi ya karibu − nyekundu) ÷ (infraredi ya karibu + nyekundu). Ukizidisha bendi zote mbili kwa namba ileile, jibu linabaki palepale. Ukiziongezea zote mbili namba ileile, tofauti iliyo juu haiguswi, ila jumla iliyo chini inakua, na NDVI ya uoto inashuka.

Chukua setilaiti za Sentinel-2, picha za daraja la L2A, yaani zilizokwisha kusahihishwa angahewa. Nyekundu ni bendi 4 (nanomita 665), infraredi ya karibu ni bendi 8 (nanomita 842), zote zikiwa na pikseli za mita 10. Zamani ulikuwa unagawanya kwa 10000 na kazi imekwisha. Tangu toleo la uchakataji 04.00, lililoanza tarehe 25 Januari 2022, kila namba imeongezewa 1000, kwa hiyo unatoa 1000 kwanza, ndipo unagawanya kwa 10000. Pikseli ya msitu ikisoma 1400 kwenye nyekundu na 4000 kwenye infraredi, uakisi wake ni 0.04 na 0.30, na NDVI ni 0.76. Usipotoa ile 1000 unapata 0.48. Linganisha na picha ya 2021 ya toleo la zamani, na utatangaza kwamba msitu umenyauka ilhali uko salama kabisa.

Usiamue kwa tarehe ya kupigwa picha, maana picha nyingi za nyuma zimechakatwa upya. Tazama jina la faili: N0400 au zaidi, toa 1000. Thamani yenyewe imo kwenye faili la maelezo, MTD_MSIL2A.xml, kwa jina BOA_ADD_OFFSET. Kuna hifadhi za mtandaoni ambazo tayari zimeitoa kwa niaba yako. Ukiitoa tena, nyekundu ya msitu inakuwa hasi na NDVI inavuka 1, jambo lisilowezekana kwa uakisi halisi. Sifuri nayo si kipimo, ni alama ya mahali pasipo data. Iondoe kabla ya hesabu yoyote.

Picha za uakisi wa uso za setilaiti za Landsat, mkusanyo wa Collection 2, zina mtego wa aina hiyohiyo: uakisi = namba × 0.0000275 − 0.2. Msitu uleule utasoma takriban 8727 na 18182, na ukizitumia namba hizo bila kuzigeuza NDVI inatoka 0.35. Angalia pia namba za bendi. Kwenye Landsat 8 na 9 nyekundu ni bendi 4 na infraredi ya karibu ni bendi 5, lakini kwenye Landsat 5 na 7 ni bendi 3 na 4.

Angahewa nayo hujumlisha. Ukungu wa vumbi na moshi hurudisha mwanga kwenye kihisi kabla haujagusa ardhi, na huongeza zaidi kwenye nyekundu kuliko kwenye infraredi. Ndiyo maana picha zisizosahihishwa angahewa huonyesha uoto hafifu kuliko ulivyo, na kiasi cha kosa hubadilika siku hadi siku. Kwa mfululizo wa miaka, mimi sioni sababu ya kutumia kitu kingine zaidi ya uakisi wa uso wa ardhi.

Kivuli cha mteremko huelekea upande wa kuzidisha, hivyo NDVI hukivumilia vizuri kiasi. Kivuli cha wingu ni kigumu zaidi, kwa sababu mwanga unaobaki ni ule uliotawanywa na anga, nao haupungui sawasawa kwenye bendi zote. Kifute. Katika safu ya SCL ya Sentinel-2, ambayo huipa kila pikseli namba ya aina yake, futa 3 (kivuli cha wingu), 8 na 9 (mawingu) na 10 (mawingu membamba ya juu). Safu hiyo ni ya mita 20. Unapoipeleka kwenye mita 10, chukua thamani ya pikseli iliyo karibu zaidi, usikokotoe wastani. Wastani wa 4, yaani uoto, na 8, yaani wingu, ni 6, nayo 6 ni maji!

EVI, kipimo kingine cha uoto, haisamehi hata kuzidisha. Fomula yake, 2.5 × (infraredi − nyekundu) ÷ (infraredi + 6 × nyekundu − 7.5 × bluu + 1), ina ile 1 ambayo ina maana kwenye uakisi wa kati ya 0 na 1 tu. Kwa 0.30, 0.04 na bluu ya 0.02 unapata 0.47, kwa 3000, 400 na 200 unapata 1.67.

Kabla ya kuchora ramani, bofya pikseli chache za msitu mnene usio na wingu usome nyekundu peke yake. Kwa kawaida ni kama 0.02 hadi 0.04. Ukiona 0.12 au 0.14, ile 1000 bado imo. Ukiona hasi, imetolewa mara mbili.