Rejesho la gari linavyokula mkopo wa nyumba

Benki humuuliza maswali mengi kijana anayeomba mkopo wa nyumba, lakini linaloamua ni moja: katika kipato chake cha mwezi, kiasi gani tayari kimeshikwa na madeni? Wakopeshaji wengi wana kikomo, mara nyingi kati ya theluthi moja na asilimia 40 ya kipato. Rejesho la gari likishakaa humo, nyumba inapata kilichobaki.

Piga hesabu uone. Kwa mkopo wa nyumba wa miaka 20 wenye riba ya asilimia 12, kila 1,000 unayokopa hudai rejesho la takriban 11 kwa mwezi. Kwa hiyo kila 100 ya rejesho la gari inakunyima kama 9,000 za mkopo wa nyumba. Gari linalodai 400 kwa mwezi limeondoa 36,000, kwa sarafu yoyote ile. Ndiyo maana nasisitiza: ukishaazimia nyumba, usisaini mkopo wa gari kwanza.

Hapo bado hatujagusa riba ya gari lenyewe. Uliza kama inatozwa kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi, au kwenye deni zima ulilokopa mwanzoni, hadi mwisho. Asilimia 10 ya deni zima kwa miaka 5 inasikika nafuu, ila ukikokotoa kwa salio linalopungua ni kama asilimia 17. Na miaka hiyo 5 ikiisha, gari jipya mara nyingi limeshapoteza karibu nusu ya thamani yake. Tena gari likiwa dhamana ya mkopo, mkopeshaji kwa kawaida hudai bima kubwa, ile inayolipia hata gari lako mwenyewe, mpaka deni liishe.

Wengine hukimbilia nyumba ya bei nafuu mbali na kazini. Sawa, lakini pima na barabara. Kilomita 30 kwenda na 30 kurudi, siku 22 kwa mwezi, ni kilomita 1,320. Gari linalokunywa lita 8 kwa kilomita 100 litamaliza lita 105 hivi. Kwa mwaka ni karibu kilomita 16,000: oili mara mbili ukiibadilisha kila kilomita 8,000, na tairi za kudumu kilomita 50,000 zinaisha kwa miaka 3 hivi. Jumlisha mafuta, oili na tairi za mwaka, ongeza bima, ushuru, pedi za breki na kushuka kwa thamani, gawa kwa 12 upate gharama ya mwezi, kisha zidisha kwa 90, maana kila 1 ya rejesho la mwezi hubeba kama 90 za mkopo wa nyumba. Jibu likiwa 27,000, basi nyumba ya karibu iliyozidi bei kwa chini ya hapo ndiyo nafuu, mradi ukihamia huko gari hulihitaji tena. Angalizo: benki haikuongezei mkopo kwa sababu umeokoa mafuta, kwa hiyo tofauti hiyo ianze kuwekwa akiba mapema iwe malipo ya awali.

Kama gari halikwepeki, nunua lililotumika, kwa fedha taslimu, na ubakize akiba ya matengenezo. Lione injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaiwasha kabla hujafika, rudi siku nyingine. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Fungua kifuniko cha oili: ute mweupe chini yake unaweza kuwa unyevu tu wa safari fupi fupi, lakini kama maji ya rejeta nayo yanapungua, shuku gasketi ya silinda hedi, yaani kizibo kati ya kichwa cha injini (hedi) na bloku yake.

Muhimu kuliko vyote ni mkanda wa taimingi, unaofanya valvu zifunguke na kufunga kwa wakati wake na pistoni, kwa injini zinazotumia mkanda badala ya cheni. Nyingi hutaka ubadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 150,000, au baada ya miaka iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Hakuna risiti? Hesabu kwamba haujabadilishwa, na uipunguze gharama hiyo kwenye bei. Ukikatika gari likitembea, kwenye injini nyingi pistoni hugonga valvu na kuzipinda, na hapo hedi lazima ifunguliwe. Fundi akishafungua ili kubadilisha mkanda, mwambie abadilishe pia tenshena (kinachoukaza mkanda) na pampu ya maji kama inazungushwa na mkanda huohuo, maana kazi ya kufika pale ni ileile.

Uliye na mkopo wa gari tayari, umalize kabla ya kuomba wa nyumba ikiwezekana, udai barua ya kumaliza deni, kisha uhakikishe kumbukumbu zako za mikopo zimesahihishwa. Deni lililolipwa lakini bado linasomeka hukatwa kwenye kikomo kana kwamba lipo.